Maji Yanayochemka Bila Moto

Chupa ilitoa mlio mdogo wa plastiki inayojinyoosha, na Inspekta Winfrida Komba akainua macho kutoka kwenye jalada.

Ilikuwa dirishani tangu asubuhi: chupa ya kawaida ya maji ya dukani, imebanduliwa karatasi, imejazwa maji ya chemchemi na kufungwa barabara. Jua lilikuwa limepenya mapema siku hiyo, jambo la nadra Tukuyu, likaipiga chupa upande mmoja.

"Afande, imevimba," alisema Koplo Samson kutoka meza ya pili.

Winfrida aliibonyeza. Ilikuwa ngumu kama mpira uliotoka kujazwa upepo. Akakizungusha kifuniko polepole. Hewa ikatoka kwa msonyo mrefu, na mapovu madogo yakapanda kutoka chini hadi juu, mfululizo, kama soda.

"Ulikinga wapi maji haya?"

"Kwenye bomba linalotoka chembani. Yalikuwa baridi mpaka vidole vikafa ganzi."

"Na chupa ilikuwa imevimba hivi?"

"Hapana. Ilikuwa imelegea kidogo."

"Chupa yenyewe ilikuwa na soda kabla?"

"Ilikuwa ya maji, afande. Niliyanywa mwenyewe njiani."

Winfrida aliifunga tena chupa, akaiondoa juani. Halafu akarudi kwenye jalada, akalisoma upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Marehemu aliitwa Ambindwile Mwalukasa, mkulima wa ndizi na kahawa kijiji kimoja cha kata ya Lupepo. Alikutwa amekufa kando ya chemba ya maji iliyo mpakani mwa shamba lake na la jirani yake, Wilson Mwaisaka, fundi wa kujenga na mfugaji wa samaki. Wilson ndiye aliyechimba ile chemba, shimo refu kupita kimo cha mtu, limejengewa tofali kuzunguka jicho la chemchemi na kufunikwa bati, ili maji yakusanyike humo kabla ya kwenda kwenye mabwawa yake. Wazee wa pale waliiita chemchemi ile maji yanayochemka bila moto, kwa jinsi yalivyotokota huku yakiwa ya baridi.

Ambindwile alikuwa na ugomvi na chemba hiyo. Ndama wake aliteleza akaingia humo, akafa, na mzee akawa anamwambia kila mtu kwamba maji yale yana sumu. Alipeleka malalamiko kwenye baraza la kata akitaka shimo lifukiwe. Shauri lilikuwa halijasikilizwa alipokufa.

Wilson alikuwa amekwisha toa maelezo. Kwamba alipofika chembani alfajiri aliona mlango wa bati uko wazi. Kwamba aliwasha mshumaa, akashuka ngazi hadi chini, akamkuta mzee amelala, mdomo umejaa povu na chupa ya maji iko mkononi. Kwamba alimfunga kamba, akapanda, akamvuta hadi juu na kupiga yowe.

Chupa hiyo ya mkononi ndiyo iliyomponza Tusekile, mke wa Jairo, mtoto wa marehemu. Jairo alikuwa kazini Tunduma. Tusekile aliishi na wakwe. Kila mtu kijijini alijua kwamba kila asubuhi Tusekile alimwekea baba mkwe chupa ya maji juu ya jiwe, nje ya uzio. Nyuma ya jiko lake ikaokotwa chupa ya dawa ya kupulizia kahawa, imebaki nusu. Vijana walitaka kulichoma jiko lile na yeye akiwa ndani. Polisi walimchukua kwa usalama wake, lakini kijijini ilieleweka kwamba muuaji amekamatwa.

Vielelezo vilikuwa vimepelekwa Mbeya kwa mkemia, na majibu yalikuwa bado. Daktari aliyeupasua mwili hakusubiri. Alimpigia Winfrida simu.

"Sijaona dalili za dawa ya kahawa," alisema. "Ile ina harufu, tumbo likifunguliwa tu unaijua. Halafu kuna alama za kamba chini ya makwapa. Damu imevilia chini ya ngozi."

"Kuna mtu alimfunga kamba ili amtoe shimoni."

"Maiti haivilii damu namna hii, Inspekta. Kamba ilipombana, moyo ulikuwa unapiga."

Samson aliposikia habari hiyo alikuwa na jibu tayari. Huenda Wilson alimkuta mzee angali na pumzi, hakujua, akamvuta, akafia juu. Winfrida alikubali kwamba hilo linawezekana. Aliliandika pembeni, akachukua chupa ya dirishani na kofia yake.

*

Mwalimu Hellen alifundisha kemia katika shule moja ya sekondari pale mjini. Aliwapokea maabara wakati wanafunzi wako mapumziko, akafuta meza kwa kiganja, akaitazama chupa bila kuifungua.

"Nataka kujua hewa iliyomo ni ipi," alisema Winfrida.

Hellen alitafuta kizibo chenye tundu na mpira mwembamba. Alikibadilisha na kifuniko cha chupa upesi, akauzamisha mwisho wa mpira kwenye glasi ya maji ya chokaa, maangavu kabisa. Kisha akaiweka chupa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Mapovu yakaanza kupita mpirani. Baada ya muda kidogo maji ya chokaa yakaingia ukungu, yakawa meupe kama maziwa yaliyochujwa.

"Hewa ya ukaa," alisema Hellen. "Hii tunayoitoa puani. Ndiyo hiyo hiyo ya kwenye soda."

"Imeingiaje kwenye maji ya chemchemi?"

"Milima yetu hii ni ya volkano, mama. Hewa inatoka chini sana, inakutana na maji yaliyobanwa ardhini, inayeyuka humo." Alichukua kijiko cha chumvi kana kwamba yuko darasani. "Chumvi ukiitia kwenye maji ya moto inayeyuka upesi zaidi. Sukari vile vile. Hewa ni kinyume. Maji ya baridi ndiyo yanayoibeba. Yakipata joto, yakitikiswa, au yakitoka kule yalikobanwa, yanaitema."

"Na ikishatemwa inakwenda wapi?"

"Hapa inatawanyika, madirisha yako wazi. Shimoni haipandi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inatuama chini kama maji, ila huioni na haina harufu."

Samson aliuliza, "Mtu akiingia humo?"

"Ikiwa kidogo ataumwa kichwa. Ikiwa imejaa, pumzi chache tu, anaanguka."

"Na akiyanywa hayo maji?"

"Atacheua."

Winfrida alitoa mfukoni kichupa cha dawa ya kahawa. Hakikuwa kielelezo; alikuwa amekinunua duka la pembejeo asubuhi hiyo, aina ile ile. Alimwomba mwalimu aitie kidogo kwenye glasi ya maji safi. Tone lilipogusa maji yalibadilika palepale, yakawa meupe pepe, na harufu ikawafanya wote watatu warudi nyuma.

"Hii haiyeyuki," alisema Hellen. "Ni kama mafuta yaliyotengenezwa yasambae majini. Hata ukoroge kutwa, hayarudi kuwa maangavu."

Samson alifungua simu yake, akatafuta picha ya chupa iliyokutwa mkononi mwa marehemu. Maji yaliyokuwa yamebaki ndani yake yalionyesha majani ya upande wa pili, jani moja moja.

*

Tusekile aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amejifunga kanga moja juu ya nyingine. Alikuwa mwanamke mrefu, kijana bado, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Nataka kukuuliza mambo ambayo sijakuuliza. Kwa nini maji ya mzee uliyaweka juu ya jiwe? Kwa nini hukumpa mkononi?"

Tusekile alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Ni baba mkwe. Kwetu mkwe hakutani na baba mkwe. Nikimwona njiani napita kando. Vijana wengi wameacha siku hizi, lakini mama mkwe alitaka hivyo, nami nikafuata."

"Siku ile ulimwona?"

Tusekile alizikaza kanga zake kiunoni.

"Tusekile."

"Nilimwona mgongo. Nilikuwa nakwenda kuteka maji kule kwenye bomba. Alikuwa amesimama karibu na ule mlango wa bati, ameinua mikono. Nikageuka haraka, nikaingia migombani."

"Alikuwa peke yake?"

"Kulikuwa na mtu ameinama nyuma yake. Sikumtazama. Nisingeweza kumtazama yule bila kumtazama baba."

"Ulisikia chochote?"

"Mtu alisema, 'Nakaza hapo chini ya kwapa, usije ukateleza.' Alisema Kinyakyusa, kwa kunong'ona. Siwezi kukuapia sauti ya nani."

"Hayo hukuyasema ulipohojiwa."

"Nilihojiwa dawa ya kahawa, afande. Nikasema ni ya mzee mwenyewe, tunaiweka pale kila msimu. Hawakuniuliza jambo jingine." Alikunja pindo la kanga. "Nikiwa migombani nilisikia kikohozi. Kikohozi kibaya, kama cha mtu aliyepaliwa. Nikataka kurudi, nikaona haya. Nikasema, yuko na mwenzake, atasaidiwa."

Winfrida aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsomea, akampa kalamu. Tusekile akasaini.

*

Aliyemsaidia Wilson kuchimba ile chemba alikuwa Cosmas, kibarua wa kijiji cha Matwebe. Walimkuta akipalilia mahindi. Aliposikia neno chemba aliliegemea jembe lake.

"Ile kazi niliiacha katikati. Siku moja nimeinama nachota tope, magoti yakaisha nguvu. Sikumbuki kingine. Nilizinduka niko juu kwenye majani, Wilson ananimwagia maji."

"Alikutoaje?"

"Kwa kamba. Alikuwa ananifunga kamba kifuani kila nikishuka, anaishika yeye. Alisema ni kwa ajili ya utelezi. Nilipoanguka alinivuta papo hapo."

"Alikwambia ni nini kilikuangusha?"

"Kwanza alisema njaa. Baadaye kuku wake walishuka mle wakafa, na mbwa pia. Akasema shimo lina pumzi mbaya, nisimwambie mtu, watamzuia asimalize kazi yake."

"Yeye mwenyewe alikuwa anashuka?"

Cosmas alifikiri. "Mwanzoni. Kuta zilipopanda hakushuka tena. Ya chini alikuwa akiyafanya kwa mti mrefu wenye ndoano."

"Utayasema haya mbele yake?"

"Nikiwa na nyinyi, nitayasema."

*

Wilson aliwasubiri chembani akiwa amevaa buti za mpira. Alikuwa mtu wa makamo, mpana wa mabega, mwenye adabu. Aliwasalimu askari wote wawili, akasema mashaka aliyoyapata siku ile hayajamwisha. Cosmas alibaki ndani ya gari, nyuma ya migomba.

Ukungu ulikuwa umetua bondeni na hapakuwa na upepo. Samson alifungua mlango wa bati. Ndani maji yalisikika yakitokota.

"Nieleze tena," alisema Winfrida. "Pole pole. Mshumaa uliwashia wapi?"

"Hapa hapa mlangoni."

"Ukaushika mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia nilishika ngazi."

"Ukafika chini ukiwa unawaka?"

"Ndiyo. Bila mwanga ningeonaje povu mdomoni? Mle ni giza."

"Haukuzimika?"

"Haukuzimika, afande. Niliusimamisha kwenye tofali wakati namfunga kamba."

Winfrida alimwomba aweke saini kwenye maelezo hayo mapya. Wilson alisaini. Kisha Samson akatoa kopo lililofungwa kwa uzi, akasimamisha mshumaa ndani yake, akauwasha na kulishusha kopo taratibu kando ya ngazi. Mwali ulisimama wima. Kabla kopo halijafika nusu ya ngazi ukalala, ukawa wa buluu, ukazimika kana kwamba umebanwa na vidole.

Samson alilipandisha kopo, akauwasha tena. Ukazimika palepale.

Mara ya tatu alitumia gazeti lililosokotwa. Moto ulikufa, na moshi wake haukupanda wala haukushuka. Ulitandaa juu ya kitu kisichoonekana, ukakaa kama shuka.

Wilson aliutazama moshi ule kwa muda mrefu.

"Siku ile ilikuwa tofauti," alisema. "Kulikuwa na upepo."

"Ndani ya shimo lenye bati?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Na sasa uko wazi. Hebu shuka utuonyeshe uliposimama."

Samson alimtazama mkuu wake, akasogea hatua moja kuelekea ngazi, tayari kumzuia mtu. Haikuhitajika. Wilson aliushika mti wa ngazi kwa mkono mmoja, akaweka buti kwenye kipandio cha kwanza. Akasimama hapo. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo, asubuhi ile ya baridi. Kisha akauondoa mguu.

"Goti linanisumbua," alisema.

Winfrida aliinua mkono, na Cosmas akashuka garini. Wilson alipomwona aliketi juu ya tofali zilizobaki za ujenzi.

Inspekta alimpa onyo kwanza: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Akamuuliza kama ameelewa. Akajibu ameelewa.

"Cosmas alianguka humu ukamvuta. Kwa hiyo ulijua."

Wilson alibandua tope kwenye buti lake.

"Mzee Ambindwile ulimfunga wewe, akiwa amesimama, ameinua mikono. Kuna aliyeona. Na daktari ameona alama. Ukasema ulimfunga akiwa amekwisha kufa."

"Alikuwa anataka wafukie," alisema Wilson. Hakuwa akimwambia mtu maalumu. "Mabwawa yangu yote yanakunywa hapa. Kila mahali anasema nimetia sumu kwenye maji. Sijatia kitu. Nikamwambia, basi shuka uyaone mwenyewe, utoe yale majani yaliyoziba bomba, uone kama kuna sumu. Akasema yeye hayanywi, atayatazama tu. Aliogopa kuyanywa. Kushuka hakuogopa."

"Na chupa?"

"Ilikuwa kwenye mkoba wake. Nilipomtoa nikamwekea mkononi."

"Dawa ya kahawa je?"

"Hiyo siijui. Watu waliitafuta wenyewe."

Winfrida alisubiri Samson amalize kuandika.

"Cosmas ulimvuta alipoanguka tu. Mzee ulimvuta lini?"

Wilson alitazama viganja vyake.

"Kamba ilipoacha kutikisika," alisema.

*

Habari zilifika kituoni kabla ya gari lao. Winfrida alipopita mapokezi alimkuta mama Jairo, mjane wa marehemu, ameketi kwenye benchi akiwa na kitenge cheusi kichwani. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja Tusekile mbele ya umati.

"Ugonile, mama," alisema Winfrida. Salamu hiyo tu ndiyo aliyoimudu ya kule.

"Ndaga." Mwanamke yule alikuwa ameshika viatu mkononi, vya wazi, vya kike, si saizi yake. "Wanasema ni jilani. Ni kweli?"

"Ni kweli. Atafikishwa mahakamani."

"Alikula kwangu siku ya msiba. Nilimpakulia mimi."

Winfrida alimwomba asubiri. Akaenda ndani kukamilisha hati ya kumwachia Tusekile, akamwita, akamweleza kwa kifupi: hewa, shimo, kamba. Tusekile alisikiliza hadi mwisho.

"Kile kikohozi," alisema. "Ingekuwaje ningerudi?"

"Ungemwona ameanguka ungeshuka kumshika?"

"Ningeshuka. Haya ingeniisha hapo."

"Basi tungekuwa na maiti mbili. Na Wilson angetueleza hadithi nyingine."

Tusekile alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa. Aliuliza kama Jairo amepewa taarifa. Aliambiwa yuko njiani.

Mapokezini mama mkwe alisimama alipomwona. Aliviweka viatu sakafuni, vikiwa vimeelekezwa mlangoni.

"Ulitoka pekupeku siku ile," alisema. "Twende nyumbani. Matanga hayajaanuliwa, na watu wako jikoni kwako, hawajui chumvi iko wapi."

"Jikoni kwangu kule mlikotaka kunichomea?"

Koplo wa zamu aliinamisha kichwa juu ya meza. Mama mkwe hakukwepesha macho.

"Kule kule. Mimi ndiye niliyesema jina lako. Nilikuwa na hasila, nikatafuta mtu wa kalibu. Sitakana kwamba lilikuwa jina lako."

Tusekile alivitazama vile viatu. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya Tukuyu isiyo na haraka. Akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, akajifunga kanga upya.

Mkwe wa Kinyakyusa hutembea nyuma ya mama mkwe wake. Winfrida aliwatazama kutoka mlangoni wakishuka barabara kuelekea stendi. Tusekile alikuwa ametangulia, na yule mama mtu mzima alikuwa akimfuata, akihimiza hatua ili asiachwe.